Kijiko cha Asubuhi

Mwaka ule Waingereza walipotulazimisha kuchimba matuta, kifua kilinibana vibaya. Kila nikijilaza, kikohozi kiliniinua kitako. Baridi ya Malindi yetu ya milimani, si ile ya pwani, haina huruma. Mchana nikawa nasinzia sokoni, mimi ninayehesabu chenji mara mbili. Wateja wakagundua, wakawa wananijia saa ile ile ya kusinzia.

Dresa wa zahanati kule Lushoto akanipa chupa. "Kijiko kimoja, usiku tu. Inalevya, inaleta usingizi."

"Na kikohozi cha mchana?"

"Kivumilie."

Sijawahi kukubali bei ya kwanza. Nikajikatia mwenyewe: kimoja usiku, kimoja asubuhi. Kikohozi kikanyamaza. Nikashika jembe, nikachimba matuta, na niliyaona mazuri.

Mjomba, tuliyepakana naye mashamba, akasimama ukingoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, haya matuta au mifereji?"

Nikatazama. Nikatazama tena. Yote yalishuka na mteremko badala ya kuukinga. Mvua ikinyesha, udongo wangu ungefika Mombo, kule chini tambarare, bila nauli.

Bwana shamba alikuwa anakuja kukagua Alhamisi. Ambaye matuta yake hayakufaa alipelekwa kwa zumbe, mkuu wetu, na kutoka pale ni kifungo. Nami nikinywa dawa, silimi. Nisipoinywa, silali, na asiyelala jembe halimtii.

"Niitie watu wa msaragambo," nikamwomba. Kwetu mgonjwa hulimiwa na majirani, nyumba yake ikapika.

"Mgonjwa ni aliyelala," akasema. "Wewe jana ulikuwa sokoni unabishania kabichi. Nani atakuja?"

"Nilikuwa nasinzia, mjomba."

"Ulisinzia huku unabisha. Watu wanataka kukuona chini."

Basi Alhamisi mke wangu akatandika mkeka pale pale shambani, akaninywesha kijiko cha asubuhi, safari hii kwa idhini ya ukoo mzima. Watu wakaja na majembe, wateja wangu wakiwemo. Mwili ukawa mzito kama gogo lililolowa, ila masikio yakabaki wazi.

"Mwacheni alale, leo tutanunua kwa amani."

"Mimi aliniuzia kabichi iliyooza moyo, akaapa ni umande!"

Jibu nilikuwa nalo. Ulimi ukagoma.

Walikuwa wanamaliza tuta la mwisho nilipoona buti kando ya mkeka.

"Huyu amekufa?" bwana shamba akauliza.

"Bado, bwana," mjomba akajibu. "Anasubiri upunguze bei."

Bwana shamba akacheka, akazunguka shamba, akasema matuta yanafaa, akaenda zake.

Watu wakakaa kula. Mbuzi wa kuwapikia nilikuwa nimemnunua baada ya asubuhi nzima ya kubishana bei na mwenye mbuzi, na sasa mke wangu alikuwa anampakua bila kipimo. "Ongezeni, jamani, ongezeni." Nilisikia upawa ukianza kukwaruza sufuria, na sikuweza hata kunyoosha mkono.