Mkono Uliopona Kimyakimya

Agnella anachapa kazi za watu kwenye steshenari moja pale Ifakara mjini: barua, kadi za harusi, katiba za vikundi. Msimu huu kifundo cha mkono wake wa kulia kilimuuma mpaka kusonga ugali ikawa shida, akakifunga bendeji. Mumewe, Fulgensi, akasema basi, hakuna kwenda kupandikiza mpunga. Mama mkwe, Yosefina, akakaza khanga kiunoni. "Wewe tulia, mwanangu. Shamba la Michenga niachie mimi."

Sasa sikia. Fundi wa kompyuta, Yoramu, alimwambia kinachomuumiza ni kibodi. Akambadilishia mpangilio wa herufi, a, o, e, u, i zikakaa mstari wa katikati chini ya vidole vya kushoto, akabandika na vibandiko juu ya vitufe. Si Kiswahili chetu kimejaa hizohizo? Mwanzoni Agnella alichapa kwa kudonoadonoa, hadi mteja mmoja akauliza kama ndiyo kaanza kazi leo. Lakini vidole vikazoea, vikaacha kurukaruka, na maumivu yakaisha. Yakaisha kabisa, nakwambia!

Bendeji je? Bendeji ikabaki. Akifika kazini anaifungua, jioni anaifunga tena. Jamani, kiti kikavu ni kitamu ukiyajua matope ya Michenga. Ila kila jioni mama mkwe aliporudi na tope limemkaukia miguuni, akauliza "Mkono unaendeleaje?" hata maji hajanywa, Agnella alijiona mwizi. Alijiambia atasema kesho, na kesho ikifika anafunga bendeji.

Jumamosi moja Yosefina alirudi amepinda. Alitua ndoo uani, akajaribu kunyooka, mgongo ukagoma. Akashika ukuta, akacheka. "Uzee huu, mwanangu!"

Agnella akashindwa. Akaifungua bendeji palepale.

"Mama, nisamehe. Mkono umepona siku nyingi. Kibodi ndiyo ilikuwa inaniumiza, nikaibadilisha. Nikanyamaza kwa uvivu tu."

Yosefina aliushika ule mkono, akaukunja, akaunyoosha. "Kwa hiyo nilipokuwa nakuulizia hali, ulikuwa mzima?"

"Ndiyo, Mama."

Agnella alitamani atukanwe, achapwe hata kofi, yaishe.

"Mwenzio anajua?"

"Hajui."

Pikipiki ya Fulgensi ikasikika inakata kona. Yosefina akamnyang'anya bendeji, akaificha kwenye pindo la khanga.

"Basi asijue. Mwambie umepona leo."

Fulgensi akaingia, macho yakaangukia mkono wa mkewe. "Eh! Umepona?"

Agnella akamtazama mama mkwe. Bado ameegemea ukuta, uso kaugeuzia pembeni.

"Umepona leo," akasema, machozi yakamtoka.

Fulgensi akadhani ni ya furaha, akamgeukia mama yake. "Unaona, Mama? Kupumzika kumemsaidia."