Yule wa Boti Nyeupe

Yule mwanaume wa boti nyeupe nilimchukia kabla sijaijua hata sauti yake. Mume wangu anapeleka watu kuzamia na mitungi ya hewa kule Kunduchi, na mie siku nisizo na kazi nakaa botini na nahodha, nalinda mabegi na kuangalia mapovu. Pale Temeke tunapokaa majirani wananitania: mumeo mzamiaji, siku moja utasikia kazamia meli, yuko Afrika Kusini. Nawajibu huyu wangu anazama na anarudi.

Huyo wa boti nyeupe alikuwa anakujaga Jumapili na mkewe, turubai juu, muziki mpaka samaki wanahama. Siku moja mume wangu alimwomba asitupe nanga juu ya matumbawe. Aliomba kistaarabu, kaka samahani, hivi na hivi. Yule bwana akasonya, akawasha mashine akaondoka. Msonyo ule niliuweka moyoni. Mtu akimsonya mumeo mbele yako, na mkewe anatazama, hilo si jambo dogo.

Haukupita muda, nanga yetu ikanasa. Mume wangu akashuka peke yake kuinasua, mkondo ukambeba. Aliibukia upande wa pili wa kisiwa cha jirani, sie huku tunachungulia mapovu ambayo hayapo. Roho yangu ilikuwa mkononi mpaka jua linataka kuzama, ndipo wavuvi wakamleta, midomo imepasuka kwa chumvi, hawezi hata kushika kikombe.

Alipopata nguvu akanihadithia. Boti nyeupe ilimpita karibu kabisa. Akainua mkono juu akaupunga huku na huku, ndivyo wazamiaji wanavyoomba msaada. Mwanamke akampungia. Mwanaume naye akampungia. Wakaenda zao.

Jamani! Nililia, halafu nikaapa. Mume wangu akasema labda hawakuelewa. Nikamwambia endelea na labda zako, utazikwa nazo. Tangu siku hiyo kila nikiiona ile boti nilikuwa siondoi macho. Ikizima mashine, nawaza inatuvizia. Ikiondoka, nawaza inazunguka itokee nyuma. Nahodha akaniambia dada, utapata presha. Nikamwambia bora presha kuliko eda.

Jumapili niliyokuwa naiogopa ikafika. Mume wangu aliibuka na wageni wake salama, mbali kidogo na sie. Akainua mikono yote miwili, vidole vikakutana utosini, akabaki hivyo. Kwa wazamiaji hiyo ni alama ya kusema tuko wazima. Boti nyeupe ilikuwa imetulia kwa mbali. Mara pua yake ikageuka, ikaja mbio, imewalenga walewale. Nahodha alipiga filimbi, mie nilipiga kelele mpaka koo likawaka. Mume wangu akawasukuma wageni pembeni, akazama. Boti ikapita juu yake.

Aliibuka. Pezi la mguu wa kushoto lilikuwa limekatwa na panga la mashine, limekosa vidole kidogo tu. Yule bwana akazima mashine, akakodoa macho kutuhesabu. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Akaondoka bila kujibu, na mie nikaona basi, huo ndio ushahidi. Mtu akikuomba msaada unamwacha, akiwa mzima unamfuata umkate. Dalili ya mvua ni mawingu.

Tuliporudi pwani nikamkuta kwenye banda la samaki na mkewe, sahani mbele yao haijaguswa. Nikamvamia bila salamu. Nikamwambia kama ishu ni ile nanga aseme, kuliko kutaka kunifanya mjane. Mume wangu alikuwa ananivuta mkono, nikauchomoa. Yule bwana alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Dada, kwani nani amefariki?" akaniuliza.

"Afariki nani?"

"Si alijishika kichwa, mikono miwili. Nikajua mmepoteza mtu huko chini. Nikaja niwasaidie."

Nilikolelewa mie, mtoto akijishika kichwa vile anapigwa kofi mikononi, anaulizwa anamwombea nani kifo. Mikono ile ni ya msibani. Mume wangu alipoanza kazi hii hata mie ilinishtua, akanielewesha, nikaizoea. Huyu nani alimwelewesha?

Hata hivyo sikumwamini. Uongo unatungwa, na huu ulikuwa mtamu mno. Nikamuuliza na siku ile ya mkondo je, mume wangu alipoachwa baharini? Akauliza siku gani. Ikabidi mume wangu aeleze mwenyewe, taratibu, bila hasira, mpaka ikaniudhi: kwamba alipunga mkono, na kwao kupunga mkono ni kusema nakufa, njooni.

Yule bwana akamgeukia mume wangu.

"Si baharini watu wote tunapungiana?" akasema, sauti imeshuka. "Nilidhani unatusalimu."

Mkewe alikuwa hajafungua mdomo tangu nifike. Akaisukuma ile sahani.

"Nilikwambia anatuita," akamwambia mumewe. "Ukasema nipunge na mie, tusije tukaonekana tunaringa."