Profesa Aliyekosa Bima

Pale chuoni jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Kuanzia mlinzi wa geti hadi wakubwa wa ghorofa ya juu, wote walimwita Mama Bima. Mtafiti yeyote mgeni kutoka nje ya nchi ilibidi apite mezani kwake kabla ya kupewa ufunguo wa ofisi na kadi ya maktaba. Kazi yake ilikuwa kukagua bima zao za afya na kuwaambia kama zinatosha au hazitoshi. Hilo la pili alikuwa amelisema mpaka sauti imechakaa.

"Na hii ya kusafirisha mwili ni ya nini?" wageni walizoea kumuuliza.

"Ya kukurudisha kwenu ukifia huku," alijibu. "Karibu sana chuoni kwetu."

Siku moja akaingia mzee wa hesabu, profesa mstaafu aliyealikwa kufundisha muhula mmoja. Alikuwa mrefu, mkongojo mkononi, na Kiswahili chake chenye lafudhi ya kwao kilimfanya Mama Bima atabasamu bila kutaka. Bima aliyokuja nayo ilikuwa ya watalii. Haikutosha. Na kila kampuni aliyoipigia simu Mama Bima, ikisikia umri wa mzee, ilianza kuguna.

"Mwanangu," mzee alisema, "si waniache tu? Nikifa, nizikeni hapo nyuma ya maktaba."

"Ukifa sawa, Profesa. Ukiugua usife, ndipo pana kazi."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Kisha akaketi kwenye benchi la ukumbini kusubiri, na kesho yake akarudi kusubiri tena. Kampuni moja ikataka vipimo vya moyo, vipimo vilipofika ikataka vingine. Nyingine ikawapiga kalenda: njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi. Mama Bima alishinda na simu sikioni akisikiliza muziki wa kusubirishwa, jioni akifika nyumbani hata redio hataki kuisikia.

Wanafunzi wakagundua mzee alipo. Wakaanza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakikaa sakafuni karibu na mkongojo wake na madaftari yao ya hesabu. Mama Bima akamwonea mzee huruma kwa mgongo uliochoshwa na benchi, akamhamishia ndani ya ofisi yake, kwenye meza ya mwenzake aliyekuwa likizo ya uzazi.

Mkuu wa kitengo akaingia kwa hasira. "Hii ni ofisi au darasa? Huyu haruhusiwi kufundisha bila bima!"

"Hafundishi, bosi. Ni mgeni anasubiri huduma. Hao wanamsalimia."

"Wanamsalimia kwa chaki?"

Mama Bima alichoka hata kujitetea. "Bosi, nikimtoa, utanisaidia kumwambia wewe?"

Mkuu akamtazama mzee, akatazama wanafunzi, akajikuna kidevu, akaondoka zake.

Bima ilipatikana muhula ukikaribia kuisha. Mama Bima mwenyewe ndiye aliyempeleka mzee juu, wakipumzika kila baada ya ngazi chache. Akamfungulia mlango wa ofisi aliyopangiwa. Ndani palinuka vumbi. Mzee akaketi nyuma ya meza, akaipapasa.

"Pazuri," alisema. "Ila nitapakumbuka chini."

"Utusamehe, Profesa."

"Wewe umenikosea nini? Nenda kapumzike, mwanangu. Umechoka kuliko mimi."

Kwa miaka yote ambayo Mama Bima alihangaikia afya za watu, hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akaaga haraka, akashuka.

Jioni alifika nyumbani alikoishi na dada yake, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake.

"Vipi yule mzee wako?" dada aliuliza.

"Kapata."

"Sasa mbona uso umekushuka?"

Mama Bima alitaka kumweleza, lakini usingizi ukamwahi. Dada akamvua viatu, akampunguzia sauti ya televisheni, akarudi jikoni.