Kibao cha Tangi Tupu

Mama mkwe wangu hakimbii. Kwanza ana mwili, pili ana msimamo wake: anasema wanaokimbia kazini ni wezi na mafundi wazembe. Yeye ni mkaguzi wa mabehewa ya mizigo ya hatari kwenye karakana ya reli, mimi ni fundi wa kuchomelea palepale. Nyumbani ananiita mwanangu. Kazini ananiita fundi, basi, tena kwa uso mkavu.

Wenzetu wanamwita Mama Vibao, kwa sababu ya vile vibao vyekundu vyenye alama ya moto vinavyofungwa kwenye matangi ya petroli. Kwa vibao hivyo hana mchezo. Tangi likishashusha mzigo, sisi wote tunaliita tupu. Yeye hapana. Petroli imetoka, anasema, lakini mvuke wake umebaki ndani, na cheche moja ya fundi inatosha kuturusha wote. Kwa hiyo kibao hakitoki mpaka tangi lioshwe, yeye alipime kwa mashine yake ya gesi, kisha asaini. Anayekitoa kabla ya hapo anafukuzwa kazi. Sheria hiyo imebandikwa mlangoni, na ukijifanya hujui kusoma atakusomea, kwa sauti, mbele za watu.

Jamani, mimi alinisomea mara ngapi! Lakini asubuhi ile nilikuwa na kichwa kigumu. Kulikuwa na behewa la tangi lililovunjika kipandio cha ngazi, kazi ya dakika kumi, na msimamizi alishaniuliza mara mbili nangoja nini. Nilikuwa namngoja Mama Vibao, aliyekuwa ng'ambo ya reli akikagua treni nyingine. Nikagonga tangi kwa nyundo, likalia tupu. Kibao kilikuwa kimekaa palepale pa kuchomelea. Nikakifungua, nikakilaza chini, nikavaa miwani, nikatoa kiberiti.

"Weee! Fundi! Acha!"

Nikageuka. Mama mkwe wangu alikuwa anakimbia. Reli ya kwanza aliivuka, ya pili ikamkamata mguu, akaanguka kwa goti kwenye kokoto. Hakulia. Alininyooshea kidole tu mpaka nikakitupa kile kiberiti. Watu walipomwinua alitaka apelekwe kwenye tangi kwanza. Akapima, akaandika kwenye daftari lake, ndipo akakubali kwenda hospitali. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Goti lilikuwa limepasuka. Mke wangu, mwenye mimba ya miezi saba, alisimama kando ya kitanda akamsihi mama yake.

"Mama, hili limeze tu. Ukiandika ripoti, unga wa baba mtoto umemwagika."

"Nipe kalamu," Mama akajibu.

Siku ya nne niliitwa kwa meneja. Alinisomea ripoti bila kuinua macho: fundi alitoa kibao kabla ya kipimo, fundi alikuwa tayari kuwasha moto, kipimo cha gesi ni sifuri. Kumbe tangi lilikuwa limeshaoshwa huko liliposhushia mzigo, karatasi zake tu ndizo zilizochelewa. Kwa ajili ya hiyo sifuri sikufukuzwa. Nilisimamishwa miezi miwili.

Sifuri! Damu ilinichemka. Nikaenda moja kwa moja hospitali, hata salamu nikaisahau.

"Mama, tangi lilikuwa safi! Hakukuwa na kitu mle ndani. Umenishtaki bure, na goti lako limekwenda bure!"

Aliniacha nimalize.

"Ulipotoa kiberiti, ulijua ni safi?"

"Hapana."

"Hata mimi sikujua." Akavuta shuka mpaka kifuani. "Nilichojua ni kwamba aliyesimama pale ni mwanangu."

Nilikaa kwenye kiti cha wageni nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Siku hizi anatembea kwa kuchechemea. Msimamizi akiniuliza nangoja nini, namwonyesha kibao, nakaa zangu juu ya sanduku la vifaa. Mama Vibao anakuja taratibu, anavuka reli moja, anapumzika, anavuka nyingine. Simwiti wala simharakishi. Sitaki akimbie tena.