Kokoto za Bibi Severina

Wewe unaweza kutoka kitandani kwako hadi chooni ukiwa umefumba macho? Mimi nilijaribu nyumbani kwa Bibi Severina, hapa Mtinko, na hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Bibi Severina ana miaka sabini na nane. Kwa zaidi ya miaka ishirini aligonga kokoto kwenye miamba iliyo nyuma ya kijiji, akaziuza kwa ndoo. Nyumba nyingi hapa zimesimama juu ya mawe yaliyopita mikononi mwake. Sasa presha ya macho imemwachia mwanga kidogo tu, na Februari alianguka akienda chooni. Aprili habari zikamfikia mwanawe Godfrey, anayeishi Dodoma, akasema basi, Jumamosi anakuja kumchukua. Kwa Bibi, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa akae kwenye kiti cha watu akisubiri kushikwa mkono mpaka afe.

Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza diploma ya ujenzi, kichwa kinachemka. Tunajenga kana kwamba hakuna atakayezeeka! Vizingiti, ngazi, vyoo vya kuchuchumaa. Jumatatu nikaenda kwake na saruji na mchoro wangu: nitaondoa kokoto zilizozagaa uani, nimwage zege laini hadi chooni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unakokota nini? Koleo?"

"Ndiyo. Naondoa haya mawe yasikuangushe."

"Thubutu! Ukiyaondoa ndiyo umenipofusha kabisa. Vua viatu, fundi wa karatasi. Fumba macho, na usichungulie."

Nikavua. Chini ya nyayo nilisikia punje ndogo kama mtama. "Hizo zinakwenda chooni," alisema. Nikapinda kidogo, nikakanyaga udongo mtupu, na papo hapo nikajua nimepotea njia. Akanirudisha mlangoni, akanielekeza kushoto. Huko kokoto zilikuwa kubwa kama karanga. "Hizo za jikoni." Kila njia iliishia kwenye jiwe bapa, la kukuambia simama. Alizigonga na kuzipanga mwenyewe, akipapasa, tangu siku aliyoanguka.

Nilipofumbua macho nilikaa chini. Miaka mitatu chuoni, na hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba uwanja unaweza kusema na miguu.

"Njia ninayo," alisema. "Magoti ndiyo yamenigomea."

Basi nikamjengea kiti cha matofali chooni, nikafunga bomba la kushikia ukutani. Kimo alipanga yeye. "Shusha. Shusha tena. Kwani unamjengea twiga?"

Jumamosi alasiri Godfrey akafika na begi tupu la kubebea nguo za mama yake. Bibi hakubishana naye. Alichukua kopo la maji, akaenda chooni peke yake, akarudi, akashika njia ya jikoni, akaleta chai. Godfrey alisimama muda wote huo, begi bado mkononi.

"Na ukianguka tena, Mama?"

"Kwani Dodoma hawaanguki?"

Godfrey akacheka, kisha akajifuta macho. "Haya. Unakosa nini hapa?"

"Njia ya kwenda kwa Eliza. Jirani yangu, na tangu Februari sijafika kwake."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Godfrey amekaa chini na suruali yake ya mjini, anagonga mawe, kidole gumba amekifunga kitambaa. Bibi aliokota kipande, akakigeuza kiganjani.

"Hili ni la barabara ya malori," alisema, akamrudishia. "Gonga tena."

Kokoto zilikuwa zimeshavuka uzio, zikielekea kwa Eliza.