Safari za Hima

Mwaka wa kwanza baada ya kurudi nyumbani, kila siku saa kumi jioni niliwasha gari langu Kasese, nikaenda Hima, nikageuza, nikarudi. Mama anayeuza nyanya mbele ya geti langu alivumilia wiki mbili, halafu akaniuliza.

"Boss, Hima unaenda kufanya nini?"

"Kurudi," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakalia nyanya zake. Siku iliyofuata mtaa mzima ulikuwa unaniita Bwana Kurudi.

Sikuwa na kichaa. Gari ndilo lililonituma. Ilibidi likimbie kwa kasi dakika ishirini bila kusimama, ndipo chujio la moshi lililo chini yake lipate joto na kuunguza masizi yake. Lisipokimbia, taa ya njano huwaka kwenye dashibodi, na mimi nikiiona taa hiyo silali wala sikai. Na njia ya Hima mnaijua: malori ya saruji yanapanda taratibu kama ng'ombe walioshiba. Nilikuwa nikilipita moja, linatokea la pili, na taa bado inawaka.

Niseme kwanza mimi ni nani. Sikurithi hata spana. Diploma ya ufundi wa magari niliisomea kwa jasho langu mwenyewe, na nchi za Ghuba, kwa Waarabu, niliingia kama mfagia gereji. Nilitoka baada ya miaka tisa nikiwa fundi anayeitwa kusikiliza injini kabla wengine hawajaifungua. Huko ndiko nilikojua kwamba kiwanda kimoja hutengeneza gari la milima la aina mbili. Moja lina injini ya zamani, nzito, inayokunywa dizeli yoyote na kutoa moshi mweusi. Hilo huuzwa kwetu na jangwani, na Ulaya haliruhusiwi kwa sababu ya sheria za moshi. La pili lina injini laini, vihisio kila mahali, na chujio hilo. Hilo huuzwa Ulaya, na kiwanda hakilileti kwetu, kwa kuwa dizeli chafu huliua, na kompyuta ya kulipima ikihitajika, iko mbali.

Wenzangu waliposema ni ubaguzi, niliwaeleza kwamba ni hesabu za viwanda tu. Lakini moyoni iliniuma. Kwa nini sisi tupewe la zamani daima? Nilipokuwa narudi, nikaagiza la pili kutoka Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Hapakuwa na lingine kama lile kuanzia Hima mpaka mpakani pa Kongo.

Nililileta kwa kazi moja. Juu Kyarumba kuna kikundi cha wamama wanaolima kahawa. Miaka yote waliishusha kwa vichwa, na sasa walitaka mtu mmoja wa kuwabebea msimu mzima. Mama yangu alizeeka shingo kwenye vijia vile vile. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Aliyeitaka pia alikuwa Hajji mmoja wa Bwera, msafirishaji, mwenye pikapu ya injini ya zamani iliyopakwa rangi kwa brashi.

"Hajji," nilimtania siku moja tukiwa Bwera, "hiyo ni gari au ni jiko?"

"Jiko inapika, mwalimu," akajibu, kwa jina alilonipa kwa sababu ya diploma yangu. "Yako inafanya nini? Inaenda Hima."

Siku hiyo hiyo nilifanya kosa ambalo sisi watu wa mpakani tunalifanya bila kufikiri. Nilijaza mafuta ya jerikeni kando ya barabara, kama baba zetu na kila mtu ninayemjua.

"Iko safi, boss," muuzaji alisema. "Nimechuja na kitambaa ya mama, mara mbili."

Nikaona kitambaa chenyewe, cheupe, nikaridhika. Mimi, mwenye diploma! Kitambaa huzuia mchanga na majani. Salfa iliyomo ndani ya dizeli yenyewe, ile inayoharibu chujio la moshi, haizuiliki kwa kitambaa, na jambo hilo nilikuwa nimewafundisha vijana wa Ghuba kwa mdomo wangu.

Wamama wale wana desturi yao. Hawaandikiani karatasi na mbebaji mpaka mwenyekiti wao ameshuka naye mara moja, amekaa mbele, na gunia lake mwenyewe mapajani. Likifika kavu, kazi ni yako. Asubuhi ya zamu yangu ya kujaribiwa nilipakia magunia kumi na mawili, mwenyekiti akapanda na la kwake, akalikumbatia kama mjukuu. Mawingu yalikuwa yameshakaa mlimani.

Tulishuka vizuri mpaka darajani. Baada ya daraja kuna kilima kifupi, kikali. Katikati yake taa ya njano ikawaka, kisha nyekundu, na gari likajipunguzia nguvu lenyewe, likawa halipandi. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi kukatokea maandishi.

"Inasema nini?" mwenyekiti akauliza.

"Inasema... niendeshe kwa kasi."

Alitazama kilima, akatazama mawe, akanitazama mimi.

"Hapa?"

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye kioo. Mwenyekiti alishuka, akajitwika gunia lake, akalifunika kwa kitenge na kuanza kupanda kwa miguu. Nilikuwa bado nafunga turubai aliponisikia nikilitukana gari, wala hakugeuka. Aliyekuja kunivuta ni Hajji. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kazi wakampa yeye.

Niliendelea na safari zangu za Hima, maana taa haikujali huzuni yangu. Nikawa siwezi kukaa Kasese, wala nikifika Hima siwezi kukaa Hima. Kisha jioni moja, ufunguo tayari mkononi, pikapu ya Hajji ikaingia getini ikikohoa. Nyuma kulikuwa na magunia, mbele mwenyekiti, na juu ya mlima wingu jeusi.

"Mwalimu, mzee wangu anaumwa," Hajji akasema. "Nimezunguka kwa mafundi watatu."

"Usizime," nikamwambia.

Nikasikiliza. Ilikuwa inavuta hewa mahali fulani kabla ya pampu, sauti ndogo ambayo hao watatu wasingeisikia hata mwaka mzima. Nikatafuta kwa vidole, nikaukuta mpira wa kupitishia mafuta umepasuka chini ya kibano. Nikaukata, nikaurudisha, nikapampu kwa mkono. Injini ikatulia.

Mwenyekiti alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Kumbe unajua," akasema.

"Nina diploma," nikamjibu.

"Basi kila Jumatatu tutapita hapa uisikilize, kabla ya kupanda Kyarumba."

Waliondoka kabla ya mvua. Siku hiyo sikwenda Hima.