Mshenga Aingia Kidato cha Tatu

Nilimdhania Bi Kibibi kuwa mtu asiyeweza kutunza siri, na kwa sababu hiyohiyo nikamwalika shuleni azungumze na vijana kuhusu faragha mitandaoni. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimewahubiria muhula mzima. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi nyumbani kujipiga picha.

Bi Kibibi ni mshenga wa Dunda, hapa mjini Bagamoyo. Zamani, kabla ya kupeleka posa, alizunguka kwa majirani kuulizia tabia za binti. Siku hizi hukaa barazani na simu, miwani puani, akifukua hata picha ambazo wenyewe wamezisahau. Wakati huo naye alikuwa akisubiri jibu: wazee walikuwa wamempelekea mwanawe Mahmoud posa kwa Nadhira, binti wa mtaa wa pili. Mahmoud alijieleza kuwa hajapata kuoa.

Nilimwandalia Kidato cha Nne. Akataka cha Tatu, akidai wa Nne wamekwisha kuharibika. Hafidha, mdogo wake Nadhira, alisoma cha Tatu; nikaona ni sadfa.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Nani kati yenu anadhani akifuta picha, imefutika?"

Mikdad, mcheshi wa darasa, akanyoosha mkono. "Mimi, Bibi. Nimefuta moja jana."

"Ile ya miwani ya kuazima? Ninayo, mwanangu."

Darasa zima likaangua kicheko. Bi Kibibi alingoja kitulie.

"Kwenye ukurasa wake kila mtu hujipamba. Ukitaka kumjua, nenda kwa rafiki zake. Tazama walichomwandikia siku yake ya kuzaliwa."

Hafidha akasimama. "Na wanaume, Bibi, nao mnawachungulia? Au hao mnawapokea wakiwa wamefungwa kwenye karatasi?"

Bi Kibibi akamgeukia. "Wanaume ndio wepesi, mwanangu. Mwanamume hufuta vyake. Vya wenzake hawezi."

Kazi ya nyumbani ambayo sikuitoa, Hafidha aliifanya jioni ileile. Kwenye ukurasa wa rafiki mmoja wa Mahmoud aliikuta picha ya sikukuu ya kuzaliwa: Mahmoud amembeba mtoto mabegani, na chini yake mwanamke wa Kerege, nje ya mji wetu, ameandika, "Hongera, mume wangu, baba Mina." Kabla ya Ijumaa posa ilikuwa imerudishwa.

Mji ulicheka. Mshenga kakatwa na wembe wake mwenyewe, walisema. Nilikwenda kwake na maneno niliyoyapanga njia nzima, nikamkuta akichambua mchele.

"Bi Kibibi, nimekuja kukuomba radhi. Mimi ndiye niliyekuita."

"Radhi ya nini, Mwalimu? Uliniita nifundishe. Kwani hawakuelewa?"

"Walielewa mno."

"Basi."

Nikaondoka nikimhurumia, na nikijisifu kidogo kwa kuyatambua maumivu aliyoyaficha nyuma ya kiburi.

Miezi kadhaa baadaye Mwalimu Gertruda, ambaye nyumba yake ya Kerege inapakana na ya mama Mina, alinieleza jambo ambalo kwake halikuwa habari. Siku ya akika ya mtoto huyo, miaka miwili kabla ya posa, aliyempakata Mina wakati wa kunyolewa alikuwa Bi Kibibi. Siku hiyohiyo Mahmoud alimwapisha mama yake, majirani wakisikia, kwamba hatamwambia mtu yeyote wa Bagamoyo. Naye, mpaka leo, hajamwambia mtu.